Ukarimu, Hisani na Utu

Ukarimu ni moyo wa kutoa, hasa kumpokea mgeni kwa chakula na malazi. Asili yake ni neno la Kiarabu, karim. Hisani, nayo ya Kiarabu, ni wema usiodaiwa malipo, na shirika la hisani huitwa hivyo kwa sababu halitafuti faida. Mfadhili hutoa fedha. Anayejitolea hutoa nguvu zake. Lakini neno zito kuliko yote ni utu, la Kibantu, lililozaliwa na neno mtu. Anayemkuta mgonjwa asiyemjua kwenye kituo cha basi, akamnunulia maji na kukaa naye mpaka ndugu wafike, huyo ana utu, hata kama mfukoni hana kitu. Kinyume chake, mchoyo huitwa mkono wa birika: umejikunja daima, haunyooki.