Mvua ya Vuli si Adui wa Askari

Ipo siri moja ambayo wengi wetu tuvaao sare huificha: mvua hatuipendi. Tunaivumilia kwa kuwa ni amri. Tumelala ndani yake wakati wa mafunzo, tumesimama chini yake penye vizuizi vya barabarani, na tumefanya doria usiku kucha hali maji yakitiririka hadi ndani ya buti. Kwa hiyo askari apatapo siku mbili tatu za mapumziko katika mwezi wa Oktoba au Novemba, naye akasikia mabati yakilia alfajiri, huvuta blanketi hadi kichwani. Jioni ikifika huelekea kilabuni, na likizo yake huisha hivyo hivyo. Leo twapenda kuwaomba ndugu zetu wa jeshi na wa polisi walifikirie upya jambo hili.

Waswahili wa pwani huziita mvua za miezi hii vuli. Mbali huko kaskazini ya dunia, miezi hiyo hiyo ndiyo majira ya majani kupukutika, nako watu wazima na watoto huvaa makoti wakaenda kutembea misituni katika manyunyu na baridi, kwa furaha yao tu. Sisi hatuna haja ya kusafiri mbali kiasi hicho. Baridi na mvua tunazo nyumbani, katika milima ya Kigezi, pembe ya kusini-magharibi ya Uganda. Mji wa Kabale uko kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Usiku huko hupoa hadi nyuzi 10, na asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maziwa katika kibuyu. Atokaye katika joto la Kampala hushangaa kuona pumzi yake mwenyewe ikifuka kama moshi.

MATEMBEZI YA ASUBUHI MOJA

Novemba moja tulikuwa wanne katika mji huo, kila mmoja akiwa na siku yake ya mapumziko: sisi tuandikao haya, koplo mmoja, sajini mmoja wa kike wa polisi, na konstebo kijana aliyekuwa hajatimiza mwaka kazini. Tuliazimia kwenda kwa miguu hadi Ziwa Bunyonyi, mwendo usiofika kilomita 10. Hatukuwa na bunduki, wala ramani, wala saa ya kufika. Manyunyu yalikuwa yameanza. Konstebo alitoka amevaa fulana na shati la pamba tu. Sajini alipomwuliza koti lake liko wapi, sisi ndio tuliojibu kwa mzaha, "Mwache, askari hasikii baridi." Wote tukacheka, tukaondoka.

Twakiri kwamba saa ile ya kwanza ilikuwa tamu. Mtu asiye na haraka huona mengi katika mvua. Matuta yaliyochimbwa kwa jembe yamezunguka kila kilima kama ngazi, nayo maharage na viazi vilikuwa vimesitawi kwa rangi ya kijani inayoonekana katika mvua peke yake. Mikaratusi ilinukia. Kila mfereji ulikuwa na sauti yake. Akina mama waliokuwa wakirudi shambani, majembe mabegani, walitusalimu, na watoto wakatufuata wakicheka. Mzee mmoja aliyejikinga chini ya upenu aliziona buti zetu akatutambua. Akauliza kwa wasiwasi, "Mnamfukuza nani leo?" Tukamjibu, "Hatumfukuzi mtu, mzee. Tunatembea tu." Alitutazama kitambo, kisha akacheka hadi akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. Yamkini alikuwa hajawahi kuwaona watu wa serikali wakilowa bure.

Tulipofika kileleni mwa kilima tuliliona ziwa chini yetu, limelala kati ya milima pamoja na visiwa vyake. Vinahesabiwa kuwa 29, na jina la Bunyonyi maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi. Mmoja wa wenzetu akatuonyesha Bwama, kisiwa ambacho tangu mwaka 1931 kilikuwa makao ya wagonjwa wa ukoma chini ya daktari Leonard Sharp. Leo wagonjwa hao hawako tena, na watoto huvuka maji kwenda shule kisiwani humo. Ndipo upepo ulipotupiga, na manyunyu yakawa mvua kamili.

KIFUNGO CHA SHATI

Konstebo, aliyekuwa msemaji kuliko sote, alikuwa amenyamaza. Tulidhani anatazama ziwa. Akapewa kikombe cha chai, kikamponyoka. Akajaribu kukiokota, akapepesuka. Sajini akamsogelea, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hebu funga kifungo hiki cha shati." Kijana akainua mikono, vidole vikapapasa, kifungo kisifungike. Akasema, "Afande, mimi sijambo," lakini ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mlevi.

Sajini hakungoja shauri letu. Alituamuru, sisi tuliomzidi cheo, tumshike mikono, tukateremka naye taratibu hadi nyumba ya kwanza. Mama mwenye nyumba alitupokea bila kuuliza maswali. Kijana akavuliwa nguo zilizolowa, akapanguswa, akavikwa sweta kavu la sajini, akafunikwa blanketi la mwenyeji na kofia ya sufu. Koplo akatoa mfukoni kichupa cha waragi, akisema hiyo ndiyo dawa. Sajini akakisukuma kando. Alipohakikisha kwamba kijana aweza kumeza vema, akampa uji wa moto wenye sukari. Yapata saa nzima ikapita kabla hajaanza kuzungumza kama mtu. Neno lake la kwanza lilituchoma: alisema alikuwa ameanza kutetemeka tangu nusu ya njia, lakini aliona haya kusema, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kusema kwamba askari hasikii baridi.

Kosa lile lilikuwa letu, wala hatuna wa kumsingizia. Mzaha wa mkubwa, ndugu zetu, ni amri masikioni mwa mdogo.

BARIDI HUUAJE?

Wengi hudhani kwamba baridi huua penye barafu tu. La hasha. Mwili wa mwanadamu hukaa kwenye nyuzi 37, na joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 hatari imekwisha kuingia. Hilo laweza kutokea hata hewa ikiwa na nyuzi 10 au zaidi, maadamu mtu amelowa na upepo unampiga. Maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu, na nguo ya pamba ikilowa hugeuka kuwa kitambaa cha maji kilichogandamana na ngozi. Sufu hushika joto hata ikiwa na unyevu. Ama pombe, hiyo hupanua mishipa ya ngozi, damu ya moto ikakimbilia nje na joto likapotea. Mnywaji hujiona amepata moto, kumbe anapoa.

Dalili ni tatu, na kila kiongozi wa kikosi yampasa azijue: ulimi mzito, mikono mizito, miguu mizito. Jaribio la kifungo halihitaji chombo chochote. Tena mtu aliyekuwa akitetemeka sana, akiacha kutetemeka ghafula naye bado amelowa na haelewi vema, msifurahi. Huenda hali yake imezidi kuwa mbaya, naye yafaa apelekwe kwa mganga upesi.

Kwa hiyo atakaye kutembea wakati wa vuli na achukue koti la mvua, sweta la sufu, na nguo kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Ale kabla ya kutoka, na achukue chai ya moto. Amwambie mtu aendako na saa ya kurudi. Radi ikilia, aondoke kileleni na asijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Akikuta mto umefurika, arudi. Mvua ikiwa imenyesha siku nyingi, asikae chini ya miteremko mikali. Maporomoko ya Bududa, kwenye Mlima Elgon, yaliyozika watu wengi mwezi Machi 1, 2010, yalitufundisha hilo kwa machozi. Na apandaye mtumbwi avae koti la kuelea, hata kama ziwa limetulia.

Siku ile haikuishia kwa huzuni. Alasiri mvua ilikatika, nasi tukateremka sote wanne hadi ufukweni, tukala viazi na kamba wa ziwa hilo, huku jua likiwasha visiwa kimoja baada ya kingine. Konstebo alikula sahani mbili.

Tangu hapo kijana huyo amekwisha kurudi huko katika mvua za vuli, safari hii pamoja na mkewe na mtoto wao. Alitueleza kwamba kila walipopumzika njiani alimfanya kila mmoja afunge kifungo, naye mtoto akadhani ni mchezo. Sisi nasi tuna desturi mpya: kabla ya kutoka na vijana wetu, kazini au matembezini, sisi ndio tunaotangulia kusema, "Leo kuna baridi, nami naisikia." Hapo hata konstebo wa mwisho mstarini hupata ruhusa ya kusema kweli.