KICHWA NA USINGIZI



Kila mwaka Mtihani wa Taifa, ule tunaouita Examen d'État, unapokaribia, wengi wetu tunakesha. Umeme ukikatika tunawasha tochi, tunakunywa kahawa, nayo kahawa hapa Butembo na Beni haikosi. Asubuhi mwenzetu mmoja anashika kichwa upande mmoja, anakimbia mwangaza, anatapika. Wengine wanamcheka, eti anaogopa mtihani. Tusicheke! Labda ni migreni.

Migreni ni ugonjwa wa ubongo, mara nyingi wa kurithi. Kichwa kinagonga kama ngoma. Makelele na mwangaza vinazidisha. Bila dawa, maumivu yaweza kudumu saa 4 mpaka siku 3.

Usingizi unaingia wapi? Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, hipothalamasi, inayosaidia kupanga saa za kulala na kuamka. Waganga wameona kwamba sehemu hiyo inabadilisha kazi yake hata mbele kichwa hakijaanza kuuma. Ndiyo sababu wengine wanapiga miayo mingi kwanza. Ubongo wa namna hii hautaki kugeuziwa saa. Kulala kidogo kunaleta maumivu. Kulala kupita kiasi siku ya mapumziko, vilevile. Kisha maumivu nayo yanafukuza usingizi wa usiku unaofuata, na kesho yake tunaanza upya.

Lakini si wote wanaokesha kwa kupenda. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika sehemu za Beni yamefanya watu wengi walale sikio wazi. Mwanafunzi akilaza kichwa juu ya meza, tumwulize kwanza alilala namna gani, mbele ya kumpa azabu.

Basi, tufanye nini?

1. Kijana anahitaji saa 8 mpaka 10 za usingizi. Anayelala saa tatu ya usiku na kuamka saa kumi na moja ya asubuhi amepata 8. Tushike saa zile zile hata siku ya Mungu.

2. Kahawa tuinywe asubuhi tu. Saa 5 hivi baada ya kuinywa, nusu ya nguvu yake ingali mwilini.

3. Tusimeze vinini ovyo. Parasetamoli ikimezwa siku 15 ao zaidi kwa mwezi, miezi ikifuatana, yenyewe inaweza kuzaa maumivu ya kichwa.

4. Kukiwa na homa, shingo ngumu, ao maumivu makali ya ghafula, tusingoje usingizi: twende upesi kituo cha afya. Malaria nayo inaumiza kichwa, kwa hiyo damu ipimwe.

Tukumbuke na hili: usingizi ndio unaokalisha somo kichwani. Anayekesha mpaka asubuhi anajaza maji katika kikapu. Leo tufunge daftari mapema.

Mulale vema!