Amplifaya za Vali Mikononi mwa Fundi

Amplifaya ya gitaa ya miaka ya 1950 au 1960 humfikia fundi pamoja na madai mawili yanayovutana, kwa kuwa mwenyewe hutaka ibaki kama ilivyotoka kiwandani na wakati huohuo ihimili kazi ya kila usiku. Mfano wake ni Fender Bassman ya California, yenye spika nne za inchi 10, ambayo saketi yake ilifuatwa mwaka 1962 na Ken Bran na Dudley Craven walipounda amplifaya ya kwanza ya Jim Marshall, mwenye duka la ala za muziki jijini London. Zote mbili hutumia vali, yaani chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambamo kathodi hupashwa moto ikatoa elektroni, na wavu mwembamba unaopokea ishara dhaifu ya gitaa hudhibiti wingi wa elektroni zinazofika kwenye anodi.

Vali ndiyo hulaumiwa kwanza na wateja, ingawa kuichomoa na kuweka nyingine ni kazi nyepesi. Kinachozeeka bila kuonekana ni kapasita za elektroliti, ambazo huhifadhi umeme na kuutuliza ili spika isivume. Kimiminika cha ndani kikikauka, uwezo wake hupungua, na ikitokea kapasita ikapitisha umeme isivyotakiwa, inaweza kuunguza hata transfoma, kifaa ambacho cha enzi ileile hakipatikani kwa urahisi. Kapasita hizo hubadilishwa hata kama ni za asili, lakini vipuri vingine vikipimwa na kuonekana vizima, fundi mwenye busara havigusi. Kazi yenyewe ni ya hatari, maana volti zaidi ya 400 zinaweza kubaki ndani baada ya plagi kuchomolewa, na ni lazima zimalizwe kwanza kupitia rezista.

Mteja msumbufu mara nyingi ni mtu anayeogopa kupoteza sauti aliyoizoea, na hofu hiyo inastahili heshima. Inafaa vipimo vifanyike mbele yake, orodha ya vitakavyobadilishwa na bei yake iandikwe kabla ya solda kuyeyushwa, vipuri vilivyotolewa arudishiwe vyote kwa kuwa mnunuzi wa baadaye huviulizia, na majaribio ya mwisho yafanywe kwa gitaa lake mwenyewe.

Lisilo na mjadala ni waya wa ardhi. Amplifaya nyingi za Marekani za wakati huo zilikuwa na waya wa umeme wenye nyuzi mbili tu, bila ule wa tatu wa ardhi, pamoja na kapasita ndogo iliyounganisha umeme wa ukutani na fremu ya chuma. Kapasita hiyo ikiharibika, umeme huweza kufika kwenye nyuzi za gitaa. Umeme wa jukwaani huua: Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki Swansea mwaka 1972 baada ya kugusa maikrofoni yenye hitilafu. Mteja anayekataa waya wa nyuzi tatu kwa hoja ya uasilia arudishiwe amplifaya yake bila kutengenezwa, na sababu iandikwe kwenye risiti.