Picha ya radio ya zamani, usiitupe

“Ataishi miaka ngapi?” Njo swali ambalo jamaa ya mugonjwa wa kansa ya mapafu inauliza kwanza, mbele hata ya bei. Munganga mukweli hatoi tarehe. Anaangalia namna gani iliwaendea wagonjwa wengi waliotangulia, kisha anamuangalia huyu mumoja aliyeikaa mbele yake.

Anaanza na mahali kansa imefika. Wanganga wanahesabu miaka 5. Kama uvimbe hauzidi santimeta 1 na haujatoka mahali pake, wagonjwa karibu 9 kati ya 10 wanafika miaka ile wakiwa hai. Kama umetembea mpaka kwenye ini, mifupa ao ubongo, kupata 1 kati ya 10 ni bahati. Hesabu hii inatoka zaidi katika inchi zenye skana, upasuaji na mashine ya mionzi karibu. Kwetu Lualaba, tusiipokee kama ahadi.

Kisha anatafuta nguvu ya mwili, na maswali yanaonekana madogo: Papa, unavaa nguo mwenyewe? Unapitisha nusu ya muchana kitandani? Umepungua kilo ngapi? Tusimufiche kitu kwa sababu ya haya. Mugonjwa anayetembea na kula anavumilia dawa kuliko yule asiyetoka kitandani, na mara nyingi anaishi zaidi.

Pumzi nayo inapimwa. Hapa mutu wa mugodi anaumia mara mbili. Vumbi ya mawe yenye silisi, ambayo tangu 1997 shirika la OMS la utafiti wa kansa kule Lyon limeiweka kati ya vitu vinavyoleta kansa, inakomaza mapafu pia. Basi kansa inaweza kuwa ndogo, ya kukatwa, lakini sehemu ya pafu itakayobaki haitoshi kumupa pumzi. Tena mawe ya Musonoi yanajulikana kwa madini yenye uranium, na penye uranium kuko radon, gazi isiyo na harufu, inayojaa katika shimo lisilopitisha hewa.

Lakini kinachotunyanganya miaka zaidi ni kuchelewa. Kikohozi, damu, kukonda: tunasema “ni vumbi tu”, ao TB. Na TB iko kweli, hata silisi inaifungulia mulango. Ila kama mutu amemaliza dawa za TB, makohozi yamepimwa safi, na kikohozi kingali pale, arudi aombe kuangaliwa tena. Asianze tu kipimo kingine cha vidonge.

Hapo picha ya zamani inakuwa na bei. Alama ngumu iliyobaki vilevile kwa miaka 2 mara nyingi si kansa. Inayokua inataka haraka. Munganga asipokuwa na picha ya kulinganisha, pengine anangoja miezi mbele ya kupiga nyingine, na miezi ile uvimbe haungoji.

Na sigara? Tumesikia wazee wakisema: “Nimekwisha kugonjwa, itanifanya nini tena?” Itafanya. Watafiti wa Uingereza walipiga hesabu katika 2010 juu ya wagonjwa wa miaka 65 wenye kansa iliyopatikana mapema: kati ya 100 wanaoendelea kuvuta, 33 wanafika miaka 5, kati ya 100 wanaoacha, 70. Hakuna dawa ya bei rahisi kuliko ile.

Aliyepita miaka 5 bado anapimwa, kwani kansa mupya inaweza kuanza katika pafu lililobaki.

Picha ile ya radio iliyopigwa siku ya kuingia kazini, ao ya kikohozi cha mwaka uliopita, iwekwe ndani ya bahasha, mbali na mvua na jua, jina na tarehe juu yake. Siku mutapotumwa Lubumbashi, mama aibebe pamoja na nguo za mugonjwa.