Paa Likivuja: Upande Mwenyewe au Uite Fundi?

Mvua ya kwanza ya mwaka ndiyo inayokagua nyumba. Usiku unasikia to, to, to. Unaamka, unatafuta sufuria ya kukingia maji. Asubuhi jua linawaka, watu wanakwenda shamba, na paa linasahauliwa mpaka mvua nyingine.

Mimi nilisahau hivyo hivyo. Bati la jikoni kwangu lilikuwa linavuja kwenye msumari mmoja. Chini yake niliweka magunia mawili ya mahindi. Mwisho nikasema, "Msumari mmoja tu, fundi wa nini?" Nikapanda. Nikakanyaga katikati ya bati, mahali ambapo chini hapana mbao. Bati likabonyea, na misumari miwili ya jirani ikafyatuka. Tundu moja likawa matatu. Fundi wa kijijini alipokuja alicheka. "Mwalimu," akasema, "wewe hukuziba, umetoboa."

Yale mahindi yaliota ukungu, ikabidi kuyatupa yote. Mke wangu alinyamaza siku nzima, nami nilijua sababu.

Kwa nini tuliyatupa? Kwa sababu mahindi yaliyolowa na kuota ukungu yanaweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu, na wengine walikufa. Kwa hiyo paa linalovuja si jambo la sakafu kulowa tu. Ni jambo la chakula na afya.

Basi, tufanyeje? Kazi nyingine ya paa mtu anaiweza mwenyewe. Kazi nyingine ni ya fundi. Tuzitenganishe.

KWANZA, TAFUTA TUNDU

Usipande juu kabla hujajua unakwenda kutengeneza nini. Ingia ndani mchana jua likiwa kali. Funga mlango na madirisha. Angalia juu. Penye tundu utaona mwanga. Pitisha ujiti mwembamba kwenye tundu hilo. Ukienda nje utauona umechomoza.

Kumbuka jambo moja. Maji yakiingia, hutembea juu ya mbao kabla ya kudondoka. Tone linaweza kuanguka chumbani, na tundu liko sebuleni. Fuata alama ya maji kwenye mbao, ukipanda nayo kuelekea juu.

Halafu chukua kisu, uchome mbao. Kisu kikikataa kuingia, mbao ni nzima. Kikizama kama kwenye muhogo uliooza, mbao imeliwa na mchwa au imeoza. Hapo usipande kabisa.

KAZI UNAYOWEZA MWENYEWE

1. Msumari uliolegea. Ung'oe, upige mwingine mrefu kidogo. Weka kipande cha mpira chini ya kichwa chake. Mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli unafaa. Msumari wa bati la migongo hupigwa juu ya mgongo, si kwenye bonde. Maji hupita bondeni. Ukipiga bondeni, umeyafungulia mlango.

2. Tundu dogo. Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka bati liwe safi na kavu. Paka lami ya kuzibia paa. Bandika kitambaa kigumu kinachozidi tundu pande zote. Paka lami tena juu yake. Iache ikauke.

3. Nyasi zilizopungua. Ongeza matita mapya, ukianzia chini kwenda juu. Tita la juu lifunike la chini.

Ukipanda, panda siku kavu isiyo na upepo. Subiri umande ukauke. Ngazi ishikwe na mtu mzima, si mtoto. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana hapo ndipo kuna papi chini yake. Mawingu ya radi yakionekana, shuka hata kama umebakiza msumari mmoja.

KAZI YA FUNDI

Ita fundi ukiona mojawapo ya haya:
- kenchi imevunjika, au paa limebonyea katikati;
- mbao zimeliwa na mchwa;
- kutu imeenea kwenye mabati mengi;
- upepo umeinua sehemu ya paa;
- paa ni refu sana au limesimama sana;
- waya wa umeme unapita juu ya paa au karibu nalo.

Liko paa jingine la kuogopa. Ni lile la asbesto, la vigae vipana vya kijivu, ambalo lipo kwenye majengo ya zamani. Usilikate, usilitoboe, usilisugue. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi makubwa, hata saratani, baada ya miaka mingi. Toa taarifa kwa ofisa afya wa kata.

Mtu mwingine atasema, "Fundi ni ghali." Haya, tupige hesabu. Mabati, misumari na lami utanunua hata ukifanya mwenyewe. Unachookoa ni malipo ya ufundi tu. Sasa weka upande wa pili: ukianguka ukavunjika mguu wakati wa kupanda mahindi, nani atalima? Kwa msumari mmoja, fundi ni ghali. Kwa kenchi, mguu wako ni ghali zaidi.

Ukienda dukani, soma namba ya geji kwenye bati. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. La geji 32 ni jembamba zaidi. Usikubali kuambiwa "yote ni sawa" wakati kusoma unajua.

PATANA KWA MAANDISHI

Kabla ya kupatana, mwombe fundi akuonyeshe nyumba aliyoezeka. Mwulize mwenye nyumba hiyo kama mvua ilipita salama. Kisha chukueni daftari. Zamani tulipatana kwa mdomo, na ugomvi ukaja baadaye. Leo kalamu unayo. Andika hivi:

"Mimi ........, mwenye nyumba, nimepatana na fundi ........ Kazi: kubadilisha mabati 4 na papi 2, upande wa magharibi. Vifaa ananunua mwenye nyumba. Ufundi ni shilingi ........ Atalipwa shilingi ........ akianza, na shilingi ........ akimaliza na paa likijaribiwa kwa maji. Pakivuja alipotengeneza ndani ya miezi 3, atarudia bila malipo. Tarehe ........ Sahihi ya mwenye nyumba ........ Sahihi ya fundi ........ Shahidi ........"

Fundi mzuri haogopi karatasi hii. Inamlinda na yeye pia, asije akadaiwa kazi ambayo hakupatana.

Mimi na yule fundi tuliandika. Alibadilisha bati moja na papi moja kwa nusu siku. Msumari wa kuku uliolegea siku hizi naupiga mwenyewe, maana banda la kuku ni fupi kama kifua changu. Paa la nyumba namwachia yeye.

Ndugu msomaji, usingoje mawingu. Mvua ikikaribia, mafundi wote wana kazi na bei hupanda. Kagua paa wakati wa kiangazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini msumari wa bati haupigwi bondeni?
2. Mbao ikizama kisu, mwenye nyumba afanye nini?
3. Bati la geji 30 na la geji 32, lipi ni nene?
4. Andika mapatano kati yako na fundi kwa kazi moja ya nyumbani kwako. Msomee jirani yako, naye akwambie kama ameelewa.