Je, Wajua? Nywele za Kuruta

Je, wajua kwamba katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kuruta wa kiume, yaani askari aliye mafunzoni, hunyolewa kichwa chote siku za mwanzo, ilhali mwenzake wa kike huruhusiwa kubaki na nywele ndefu, mradi azibane vizuri?

• Hadi mwaka 2021 jeshi hilohilo lilimkataza mwanamke kunyoa upara.

• Katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania, lililoundwa mwaka 1963, msichana wa Shinyanga, Kahama au Geita anayeitwa kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013, kwa desturi hukatwa nywele fupi sawa na mvulana.

• Wengi wa wasichana hao huwa wamekwisha kuzoea, kwa kuwa shule nyingi za serikali huwataka wasichana wanyoe.

• Nywele fupi hurahisisha kudhibiti chawa katika mabweni yenye watu wengi, huoshwa kwa maji kidogo, na huwaonyesha kuruta wote kuwa sawa.

Binti anayesubiri wito huo na afumue misuko yake mapema.