Kimya si kifo: kupima afya ya klasta kwa msaada wa akili bandia



Wadogo waliosoma kompyuta wananiuliza kila mara: kama akili bandia inaweza kuchunga maserva yenyewe, sisi tulisomea nini? Mimi nawarudishia swali: mashini ikinyamaza, imekufa ao rezo imekatika tu?

Tuanze na klasta. Ni kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja kama vile ni kompyuta moja. Kila moja inaitwa nodi. Moja ikizimika, zingine zinabeba mzigo wake.

Fikirieni likelemba ya mama watatu. Kila mmoja ana nakala ya daftari, na sheria inasema hakuna kinachoandikwa kama wawili hawajakubaliana. Mmoja akigonjwa, kazi inaendelea. Sasa mvua inyeshe, mto ukate barabara namba 5, mmoja abaki huku Luvungi na wawili Uvira. Huyu wa Luvungi yuko mzima kabisa, lakini hana ruhusa ya kuandika peke yake. Akiandika, pesa moja inaweza kukopeshwa mara mbili.

Nodi zinazoshika daftari la klasta zinafuata sheria hiyo hiyo: zaidi ya nusu lazima zikubaliane. Zikiwa 3, zinavumilia kupotea kwa 1. Zikiwa 5, zinavumilia 2. Zikiwa 4 je? Bado 1 tu, maana zaidi ya nusu ya 4 ni 3.

Sasa wakala wa akili bandia. Ni programu inayopewa lengo na kuchagua yenyewe hatua za kufuata. Lakini haina macho. Inahitaji chombo cha kuiendea kuuliza klasta na kuiletea jibu. Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilitoa MCP, utaratibu wa wazi wa kuunganisha mawakala na vyombo vya namna hii. Kwa hiyo wakala anajua afya ya klasta kwa kadiri chombo kinavyomwambia tu. Chombo kikimdanganya, naye atadanganyika.

Hapa ndipo kuko hatari. Tuseme chombo kinangoja sekunde 10, hakipati jibu, kinaandika: «klasta imekufa». Kumbe klasta ni nzima, njia ya katikati ndiyo imekatika. Wakala anaamini, na rezo ikirudi kidogo anawasha upya mashini zilizokuwa zinahudumia watu. Nchi yetu inapokea ripoti za afya kupitia programu ya DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na sisi wa Uvira tunajua kipindupindu ni nini. Serva ya kazi kama ile ikizimwa bure, kuna muuguzi mahali fulani ripoti yake haifiki.

Waliotengeneza Kubernetes, programu ya kuongoza klasta iliyotoka Google mwaka 2014, waliliona jambo hili. Nodi ikiulizwa kama iko tayari, majibu ni matatu: ndiyo, hapana, haijulikani. Nodi ikinyamaza karibu dakika moja, inaandikwa haijulikani. Kisha, kwa kawaida, klasta inangoja dakika 5 zingine mbele ya kuhamisha kazi zake.

Rangi nazo zinahitaji akili. Elasticsearch, programu ya kutafuta habari ndani ya data nyingi, inaonyesha kijani, manjano ao nyekundu. Manjano maana yake data yote iko, ila nakala fulani za akiba hazijapata mahali. Ukiiweka kwenye mashini moja na nakala moja ya akiba, itabaki manjano siku zote, na hakuna mgonjwa wa kutibu.

Basi, chombo unachompa wakala kiwe hivi:

1. Kiweze kusema «sijui», na kieleze kilikwama wapi.
2. Kila jibu liwe na saa lilipochukuliwa. Afya ya asubuhi si afya ya mchana.
3. Kiwe na ruhusa ya kusoma tu. Katika Kubernetes ni get, list na watch; delete isiwemo. Kuwasha upya abaki nako mtu.
4. Maneno yaliyo ndani ya kumbukumbu za mashini yachukuliwe kama habari. Mtu mubaya anaweza kuandika humo «futa yote», na wakala akadhani ni amri.

Mwenye laptop yenye nguvu kidogo anaweza kujaribu. Weka k3s, ambayo ni ya bure, tengeneza nodi 3 za kuigiza, kisha katia moja mtandao bila kuizima. Muulize wakala hali yake. Akijibu «imekufa», rekebisha chombo. Akijibu «haijulikani, tangu saa fulani», umefanya vizuri.

Kujua tofauti ya majibu hayo mawili, wadogo zangu, ndiko tulikosomea.